Tone la Saa Kumi

Mama Kipaza aliamka kabla ya jua, kama kawaida yake. Alinawa uso, akavaa gauni la kazi, akachukua ndoo na kwenda bandani. Mbuzi wake watatu walikuwa wamesimama mlangoni wakimsubiri. Mmoja alikuwa na pembe moja. Wa pili alikuwa mweupe. Wa tatu alikuwa mtukutu, hakamuliki mpaka abembelezwe.

"Simama basi, bibi harusi," alimwambia yule mtukutu. "Au nikuitie bendi?"

Mbuzi akamkanyaga mguu. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kila siku.

Mumewe alikuwa seremala. Binti yao alikuwa na miaka sita, na jina lake la utani lilikuwa Kipaza. Mtoto huyo hakujua kunong'ona. Akikuambia siri, mtaa mzima umeshaipata. Ndiyo maana wazazi wake waliitwa Mama Kipaza na Baba Kipaza, wakakubali yaishe.

Nyumba waliyokaa haikuwa yao. Ilikuwa ya baba wa seremala, mzee aliyefanya kazi ya uashi maisha yake yote. Aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Walihamia hapo miezi minne iliyopita, bibi, mke wa mzee, alipofariki, ili mzee asibaki peke yake.

Chumba kimoja cha nyumba hiyo hawakuwahi kukiona ndani. Kilikuwa upande wa nyuma, kikipakana na ukuta wa jiko. Bibi alikitumia kwa shughuli zake. Mlango wake ulifunguka uani, na dirisha lake dogo lilizibwa kwa ubao. Tangu siku ya maziko, chumba hicho kilifungwa. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa mzee. Hata akilala, ulilala naye.

Mama Kipaza alikuwa mtu wa kuheshimu. Hakuuliza.

Lakini mambo yalianza kidogo kidogo. Kwanza, maziwa yalipungua. Kila asubuhi alikamua, akaifunika ndoo jikoni, akawapeleka mbuzi malishoni. Akirudi, maziwa yameshuka kama jagi moja. Kifuniko kilikuwa palepale. Hapakuwa na tone sakafuni.

"Paka," alisema mumewe.

"Paka gani anafunua ndoo, anakunywa, kisha anafunika?"

"Paka aliyelelewa vizuri."

Mama Kipaza hakucheka.

Siku moja alikuwa jikoni akimenya viazi. Ilikuwa saa kumi alasiri. Kipaza alikuwa amekaa sakafuni akichora. Ghafla mtoto aliinua kichwa.

"Mama, bibi anaosha vyombo."

"Unasemaje?"

"Bibi. Namsikia. Sikiliza."

Mama Kipaza alisikiliza. Kisu kikasimama mkononi. Kutoka nyuma ya ukuta, kutoka kile chumba kilichofungwa, ilikuja sauti.

Ndo... ndo... ndo...

Yalikuwa maji yakidondoka ndani ya beseni. Lakini chumba kile hakikuwa na bomba. Na mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tatu.

Kesho yake saa kumi, sauti ikaja tena. Na keshokutwa pia. Seremala aliposimuliwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Panya wanaoga," alisema. Siku ya nne alirudi mapema ili aje amcheke mkewe vizuri. Alikaa jikoni na kikombe chake cha chai. Ilipofika saa kumi, ndo... ndo... ndo... Chai ikapoa mkononi. Alichukua ngazi, akapanda juu ya paa. Bati lilikuwa kavu, linaunguza mkono. Aliposhuka hakuwa na mzaha tena.

"Muulize baba," Mama Kipaza alimwambia.

"Muulize wewe. Ni wewe anayekupenda."

"Kwa hiyo kwa kuwa ananipenda, nimuulize kama mkewe amerudi?"

Hakuna aliyeuliza. Na jambo lililowatisha zaidi lilikuwa mzee mwenyewe. Alikuwa akikonda. Mashavu yaliingia ndani, suruali ikaning'inia. Mezani alikaa na wenzake, lakini sahani yake ilibaki kama ilivyoletwa.

"Baba, kula japo kidogo," Mama Kipaza alimsihi.

"Nitakula nikiitwa, mwanangu."

"Si ndiyo nakuita, baba?"

Mzee alimtazama kwa upole. "Si wewe," alisema.

Usemi huo ulimwingia Mama Kipaza kama maji ya baridi mgongoni. Aliogopa. Mzee huyu alimpenda kama baba aliyemzaa, na sasa alimwona akiondoka huku anamtazama.

Siku iliyofuata aliamua. Mzee alikuwa ameshika fimbo yake na kutoka kwa mlango wa mbele, kama kila alasiri, kwenda kutembea. Mama Kipaza alizunguka uani. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Alisogea dirishani. Ubao ulikuwa na ufa mwembamba. Alifumba jicho moja, akachungulia.

Ndani mlikuwa na giza. Kwanza hakuona kitu. Kisha aliona kichwa.

Kilining'inia hewani, bila mabega, bila mwili. Kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe, fundo juu. Bibi maisha yake yote alifunga kichwa chake kwa kitambaa cheupe, fundo juu. Kila aliyemjua, alimjua nacho. Na kichwa kile kilikuwa kinageuka. Polepole, kama mtu anayetaka kuona ni nani anayemchungulia.

Ndo... ndo...

Mama Kipaza hakujua alifikaje barabarani. Miguu ilimpeleka yenyewe. Kipaza alimkuta ameketi juu ya jiwe, kiatu kimoja hakipo.

"Umemwona bibi?" mtoto aliuliza kwa sauti yake ile. "Hajambo?"

Jioni hiyo Mama Kipaza alimwambia mumewe: "Mbuzi hawa waondoke. Walikuwa wa mama yako, na mama bado anayataka maziwa yake. Hatuwezi kunywa na marehemu kikombe kimoja."

Seremala alikuna kichwa. Mbuzi hawauzwi bila kupimwa afya, na hilo alilijua. Basi kesho yake aliitwa Bwana Mifugo.

Bwana Mifugo alikuwa mwanamke. Alikuwa mfupi, ana buti za mpira na sauti ya kuamrisha. "Cheo kilifika kijijini kabla yangu," aliwaambia watu. "Sikutaka kukisumbua." Alipima mbuzi wote watatu. Alitazama meno, macho na kwato. Aliminya chuchu, akatazama maziwa kwenye kiganja chake.

"Mbuzi wazima hawa," alisema akinawa mikono jikoni. "Kwa nini mnawauza?"

Mama Kipaza alitazama ukuta wa nyuma. Hakuhitaji kujibu. Ilikuwa saa kumi.

Ndo... ndo... ndo...

Seremala alitazama chini. Mama Kipaza alishika mkono wa mtoto wake. Lakini Bwana Mifugo hakutega sikio. Aliinua pua.

"Sauti hiyo haina neno," alisema. "Hiyo harufu ndiyo mbaya. Nani amevundika maziwa humo?"

Kabla hajajibiwa, kitu kizito kilianguka ndani ya chumba. Puu! Kisha ikaja sauti ya mtu anayeugua.

Walikimbia. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Seremala alileta bisibisi, akazing'oa bawaba kwa haraka ambayo hajawahi kuwa nayo kwa mteja yeyote. Mlango ukaegama, mwanga ukaingia.

Mzee alikuwa amelala sakafuni. Midomo ilikuwa na utando mweupe. Kijiko kilikuwa bado mkononi. Juu yake, kwenye msumari mrefu uliopigwa kwenye boriti, kilining'inia kile kichwa. Kumbe ni furushi. Ni kitambaa cha kichwa cha bibi kilichofungwa fundo, kimejaa kitu kizito na chenye maji. Chini yake palikuwa na beseni.

"Baba!" Mama Kipaza alipiga magoti.

"Haijanyamaza," mzee alisema kwa shida. "Nangoja kila siku, mwanangu. Hainyamazi."

Walimkimbiza zahanati. Alilazwa siku tatu, dripu mkononi. Tabibu hakuzunguka. "Mzee amekula kitu kilichooza, tena si mara moja," alisema. "Mwili umekauka maji. Safari hii amepona. Akirudia, hatutamwahi."

Mama Kipaza alikaa kando ya kitanda. Mzee alikuwa akitazama dripu ikidondoka.

"Hata hii inadondoka," alisema.

"Baba, ulikuwa unafanya nini mle? Mimi nilidhani mama amerudi. Nusura nife kwa hofu!"

Mzee alicheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mzee alikuwa ameficha mno. Sasa alisema yote.

"Mama yenu alikuwa akitengeneza jibini. Jibini laini, ya maziwa ya mbuzi. Alijifunza alipokuwa mpishi hotelini. Mimi nilikuwa kazini, natoka asubuhi, narudi saa kumi. Nikirudi nakuta furushi liko kwenye msumari, linadondoka. Nanawa, nakaa kwenye kigoda, nasikiliza. Hatuongei. Tone likikoma, yeye ananiita. 'Njoo ule, fundi.' Kila siku, miaka saba."

"Na sasa?"

"Sasa nilitaka aniite. Basi nilichukua maziwa yako, nikafunika ndoo ili usihangaike. Nilitoka na fimbo mlango wa mbele, nikazunguka hadi mle. Nilimimina maziwa kwenye kitambaa chake, nikaning'iniza. Lakini hayakuwa jibini. Yaliganda vibaya, yananuka. Ikifika jioni matone yalikuwa madogo, hayasikiki nje ya chumba, lakini hayakukoma hadi asubuhi. Nilionja kila siku nikidhani labda leo ndiyo. Mimi nilijua mwisho wa ile kazi. Mwanzo wake sikuwahi kuuona."

Mama Kipaza alilia waziwazi. Alimshika mzee mkono ule usio na sindano. "Baba, mbona hukusema? Kuuliza si ujinga."

"Ningemuuliza nani?"

Jumamosi Bwana Mifugo, aliyekuwa ameshasimuliwa yote, alikuja na ndimu mfukoni. Mzee aliwekewa kigoda jikoni, mbele kabisa. "Leo utauona mwanzo," Bwana Mifugo alimwambia. "Na mtu asinikatize."

"Nikikukatiza?" aliuliza Kipaza.

"Nitakukamua."

Alianza na ndoo. "Mlikuwa mnaisuuza kwa maji baridi, sivyo? Mafuta ya maziwa hayatoki kwa maji baridi. Yanabaki, yanaoza, yanaharibu maziwa mapya. Osheni kwa maji moto na sabuni, suuzeni, anikeni juani." Alisema kiwele nacho huoshwa kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa kabla ya kukamua. Maziwa ya kwanza kabisa, ile minyo miwili mitatu, humwagwa. Mbuzi mgonjwa au aliyechomwa sindano, maziwa yake hayatumiwi mpaka mtaalamu aruhusu. "Na beberu akae mbali. Maziwa hunusa kila kitu, kisha hukusimulia."

Halafu aliinua kile kitambaa cheupe. Seremala alikuwa amekikunja ndani ya mfuko, hakuna aliyethubutu kukigusa tena. Kilikuwa kigumu, chenye madoa ya manjano.

"Mzee, hukukifua?"

"Kina harufu yake," mzee alisema polepole.

Bwana Mifugo alishusha sauti. "Harufu yake imeshaondoka, mzee wangu. Hii ni ya maziwa yaliyooza. Matundu ya kitambaa yameziba, ndiyo maana kilidondoka usiku kucha. Na vijidudu vilivyomo ndivyo vilivyokulaza. Tunaweza kukifua ukakitunza sandukuni. Nimekuja na kitambaa kipya."

Mzee alikishika kwa muda mrefu. Alikipeleka puani mara moja. Kisha aliinuka mwenyewe, akakifua kwa sabuni mara mbili, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka.

"Alikuwa mtu wa kazi," alisema. "Na kitambaa chake kifanye kazi."

Kilichemka dakika kumi, kikaanikwa juani. Ndipo Mama Kipaza alipopima lita mbili za maziwa mabichi, akayachuja, akayabandika kwenye moto mdogo.

"Hapa ndipo ulipopakosa, mzee," Bwana Mifugo alisema. "Moto kwanza. Maziwa mabichi hubeba maradhi. Moto huyaua. Mama Kipaza, koroga, yasishike chini."

"Nijuaje kama yameiva?"

"Tazama pembeni mwa sufuria. Povu dogo linatoka, mvuke unapanda, maziwa yanataka kuinuka. Yaache hapo dakika chache, yasifurike. Sasa epua. Lete ndimu."

Mama Kipaza alimimina maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja, huku akikoroga taratibu. Kijiko cha kwanza, hakuna kitu. Cha pili, hakuna. Cha nne, maziwa yalishtuka. Yaligawanyika mbele ya macho yao, mabonge meupe huku, maji ya manjano kule.

"Uchawi!" Kipaza alipiga kelele.

"Ndimu," alisema Bwana Mifugo. "Kama huna ndimu, siki inafaa. Vijiko vinne au vitano kwa lita mbili. Yakigawanyika, acha. Ukizidisha, utakula ndimu badala ya jibini. Sasa funika, tungoje dakika kumi."

Walikitandika kile kitambaa juu ya chujio, wakamimina. Mama Kipaza alinyunyiza chumvi nusu kijiko cha chai, akachanganya. Bwana Mifugo alitaka kufunga. Mzee akaweka mkono.

"Fundo nalijua," alisema.

Alilifunga mwenyewe, juu, kama mkewe alivyolifunga. Wakatoka wote uani, wakaingia kile chumba. Kilikuwa kimefagiliwa na dirisha limefunguliwa. Furushi likatundikwa kwenye msumari wake, beseni safi chini. Liligeuka polepole, likasimama. Japo Mama Kipaza alijua kilichomo, nywele zilimsisimka.

Ndo, ndo, ndo, ndo.

Walikaa. Bwana Mifugo aliongea kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mgonjwa aliyelala. Alisema jibini hiyo huliwa siku hiyohiyo kama nyumba haina friji. Penye friji, iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, siku nne, tano haifiki. Ikinuka vibaya au ikiteleza, itupwe bila huruma. Yale maji ya manjano yasimwagwe, yanafaa kukandia unga wa mkate.

"Na inaliwa na nini?" Mama Kipaza aliuliza.

"Na chochote unachokipenda. Ipake kwenye mkate, weka nyanya juu. Au changanya na kitunguu na tango, ukate vidogovidogo. Kwenye kiazi cha kuchemsha cha moto inayeyuka kidogo, wee, usiniambie. Mtoto mpe na asali."

Seremala alishtuka. "Na asali! Mama alikuwa akituletea kitu hicho kwenye kopo kila alipotutembelea. Mimi siku zote nilidhani ni cha dukani!"

"Na hukuuliza," mkewe alimwambia.

"Nilikuwa nakula."

Ndo... ndo... Matone yalikuwa yakipungua. Maongezi nayo yakapungua. Mzee aliinama mbele, mikono magotini. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze, lakini wote walinyamaza. Hata Kipaza.

Ndo.

Wakangoja. Tone moja lilivimba chini ya furushi, likaning'inia, likang'aa. Lilikaa hapo kwa muda usiokwisha.

Ndo.

Halafu pakawa kimya. Kimya hicho kilijaa chumbani mpaka Mama Kipaza alisikia moyo wake mwenyewe. Alimtazama mzee. Mzee alikuwa amegeuza uso kuelekea mlangoni, kama mtu aliyeguswa begani. Kisha uso wake ukalegea.

"Mmesikia?" aliuliza.

"Hatujasikia kitu, babu," Kipaza alisema. Safari hii alinong'ona, mara ya kwanza maishani mwake.

"Ndicho hicho," mzee alisema. "Naitwa. Mama Kipaza, leta mkate."

Alikula vipande vitatu, vya nyanya viwili na cha asali kimoja. Aliramba kidole. Mama Kipaza alisimama mlangoni na sahani, akimtazama akitafuna.

Mbuzi hawakuuzwa. Suruali ya mzee haining'inii tena. Mama Kipaza hutengeneza jibini mara mbili kwa wiki, na majirani wameanza kuja kujifunza, kila mmoja na kitambaa chake kilichochemshwa. Siku hizo, saa kumi, mzee hukaa kwenye kigoda chake, macho amefumba. Tone la mwisho likidondoka, Kipaza husimama katikati ya ua, akavuta pumzi, na mtaa mzima ukasikia.

"Babu! Unaitwa!"

Naye huinuka, akanawa mikono, akaja kula.